Ukinunua Simu, Bei Iulize Mwisho

Mtu akiniomba nimsaidie kuchagua simu, namsihi asinitajie bei kwanza. Aniambie ataitumia kufanya nini: kupiga picha za watoto wasiotulia, kufuata ramani siku nzima, kusoma mafaili ya kazini, kucheza gemu, au kuchati tu na kuangalia video kitandani. Wengine hudhani natania. Lakini nimeshasaidia watu wa kutosha kujua kwamba bei ikitangulia, uchunguzi hugeuka utetezi. Simu ya dola 1,200 mtu huishika akitafuta sababu za kuipenda; ya dola 300 huishika akitafuta kasoro. Na kwa kuwa hakuna simu isiyo na uzuri wala isiyo na kasoro, kila mmoja hupata alichokifuata.

Sote tumekua tukiambiwa rahisi ghali, na mara nyingi ni kweli. Shida inaanza pale tunapoigeuza kichwa chini miguu juu, tukaamini kwamba ghali lazima iwe bora.

Jaribu hili nyumbani. Piga picha ya kitu kimoja, mchana, kwenye mwanga mzuri, kwa simu ya daraja la juu na ya daraja la kati. Mwonyeshe mtu bila kumwambia ipi ni ipi. Atasitasita, atazikuza kwa vidole viwili, atarudi nyuma, na mara nyingi ataishia kwenye yenye rangi kali zaidi, hata kama imetoka kwenye simu ya bei ya chini. Sasa mtajie bei, umpe tena. Utasikia habari za "rangi zilizotulia" ambazo dakika moja iliyopita hazikuwepo. Wala hadanganyi. Anaziona kweli.

Hali hii imepimwa hata mbali na simu. Mwaka 2008 watafiti Rebecca Waber, Dan Ariely na wenzao walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Marekani. Watu 82 walipewa kidonge walichoambiwa ni cha kutuliza maumivu, kumbe hakikuwa na dawa yoyote ndani. Nusu waliambiwa kinauzwa dola 2.50, wengine wakaambiwa kimeshushwa hadi senti 10. Katika kundi la bei kamili, asilimia 85 walipata nafuu. Katika kundi la senti 10, asilimia 61. Kama bei inaweza kupunguza maumivu ya mwili, sembuse kung'arisha picha ya ua.

Watengenezaji wa simu wanalijua hili kuliko sisi. Chukua bei za iPhone za mwaka 2023 nchini Marekani. iPhone 15 ilianzia dola 799. Plus, yenye kioo kikubwa zaidi, 899. Pro ilikuwa 999. Pro hiyo hiyo ukiitaka na nafasi ya GB 256 badala ya 128, 1,099. Pro Max, ambayo haikutolewa kabisa na GB 128, ilianzia 1,199. Iangalie hiyo ngazi: kila kipandio ni dola 100. Aliyeingia dukani akiitaka ya 799 hapandi dola 400 kwa mkupuo. Anapanda mia, kisha mia nyingine, na kila mara hoja yake ni ile ile: nimeshafika hapa, si mia tu jamani? Anapima kutoka kwenye kipandio alichosimama, sakafu aliyotoka ameshaisahau.

Na hizo dola 400 si za kubeza. Mwaka 2020, dola 399 zilinunua iPhone SE nzima, ikiwa na chipu (ubongo wa simu) ile ile ya A13 iliyokuwemo kwenye iPhone 11 Pro ya dola 999. Kioo chake kilikuwa kidogo, umbo la kizamani, kamera ya nyuma moja tu, hilo sikatai. Ila wengi niliowasikia wakiidharau hawakuwahi hata kuishika. Ile 399 iliwatosha kutoa hukumu.

Bei hufanya kazi hata baada ya simu kununuliwa. iPhone ya kwanza, yenye GB 8, ilitoka mwishoni mwa Juni 2007 kwa dola 599. Mwanzoni mwa Septemba ikashushwa hadi 399. Waliowahi kununua walipandwa na hasira hadi Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati huo, akaomba radhi na kuwapa salio la dola 100 la kununulia vitu kwenye maduka ya Apple. Simu zao zilikuwa vile vile, zinafanya kazi kama jana. Kilichoporomoka ni namna walivyoziona.

Nisieleweke kwamba simu ghali ni utapeli. Piga picha usiku, vuta kitu kilicho mbali, rekodi video ukitembea: hapo tofauti huonekana hata bila kutajiwa bei. Simu zenye jina pia huuzika vizuri zikishatumika, na hapa kuna kichekesho chake, maana kule kuaminiwa kwake kunageuka pesa halisi mfukoni mwako siku ya kuiuza. Fremu za metali ya titani na migongo ya kioo ndivyo sivielewi. Mtu analipia urembo wote ule, kisha kabla hata hajatoka dukani anauvika kava la mpira.

Masasisho, yaani maboresho ya programu ambayo kampuni huitumia simu baada ya kuiuza, nayo ni muhimu, lakini usikubali uambiwe kwamba ni ya wenye pesa nyingi tu. Google iliahidi miaka 7 ya masasisho kwa simu yake ya Pixel 8 Pro, iliyoanzia dola 999. Ikaahidi miaka 7 ile ile kwa Pixel 8a ya dola 499, tena yenye chipu ile ile ya Tensor G3.

Kama unachonunua ni heshima, sema hivyo, angalau moyoni. Heshima nayo ina soko lake. Mwaka 2008 iliwekwa kwenye App Store, duka la programu la Apple, programu iitwayo I Am Rich, bei dola 999.99, kazi yake kuonyesha kito chekundu kwenye kioo na si zaidi. Watu 8 waliinunua kabla Apple hawajaiondoa. Mimi sina neno na wenye uwezo huo. Ninaowaonea huruma ni wanaoingia kwenye malipo ya kidogo kidogo ya miaka miwili kwa ajili ya kamera ambayo hawataitumia ipasavyo.

Kwa hiyo andika mambo matatu unayoyafanya kila siku kwa simu. Zishike simu zenyewe, ufanye hayo matatu, muuzaji akiwa bado hajatamka kitu. Ukipata inayokutosha ndipo uulize bei, halafu uigawe kwa miaka ya masasisho iliyobaki. Usisahau kuuliza na toleo la mwaka uliopita la simu hiyo hiyo. Kama ni iliyotumika, ingia kwenye mipangilio uangalie afya ya betri kabla hujatoa hela.