Utada Hikaru wa sasa
Ndugu, ni kweli Utada Hikaru wa sasa, mwimbaji wa Japani, si yule wa albamu ya First Love ya 1999, ila unaposema ameishiwa unamwonea. Namfuatilia tangu enzi zile za muziki wa R&B, sauti zimepangwa tabaka juu ya tabaka. Mama yake, mwimbaji Keiko Fuji, alifariki 2013, na albamu yake Fantôme ya 2016 ilipotoka ala za muziki zilikuwa zimepungua, sauti imesogea mbele kabisa. Kwangu albamu ya Bad Mode ya 2022 ndiyo bora. Jaribu wimbo wake Somewhere Near Marseilles, aliotengeneza na Floating Points, mtayarishaji wa muziki wa Uingereza: karibu dakika 12, mdundo wa klabu, maneno yaleyale yanajirudia mpaka yanakuingia. Vaa earphone, usiuruke katikati.