Kijerumani cha mwanangu kitafutwa?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mwanangu anamaliza sekondari hapa Indianapolis na moyo wake uko kwenye Kijerumani. Kanisani wanasema jimbo letu la Indiana, hapa Marekani, limefuta masomo 400 vyuoni. Abadili fani? Wakifuta akiwa katikati, pesa zetu je?
Baba wa watoto wanne

JIBU: Marahaba, baba. Usimbadilishie mtoto fani kwa maneno ya kanisani.

Sheria yenyewe ni ya bajeti, muswada namba 1001, iliyosainiwa na Gavana Mike Braun mwaka 2025. Ndani yake kimechomekwa kifungu cha kuhesabu wahitimu. Shahada ya kwanza kwenye chuo cha umma itoe wastani wa wahitimu 15 kwa mwaka, ukipigwa kwa miaka mitatu. Uzamili 7, uzamivu 3. Fani iliyotoa 12, halafu 17, halafu 13, wastani wake ni 14, na imeanguka. Hapo chuo kikaombe ruhusa Tume ya Elimu ya Juu ya Indiana, la sivyo ifutwe. Mwishoni mwa Juni mwaka huohuo vyuo sita vya umma vilitangulia kuchukua hatua vyenyewe: programu zaidi ya 400 zifutwe, zisimamishwe au ziunganishwe. Ndiyo hiyo 400 yenu, na sehemu kubwa ni za kuunganishwa.

Mimi kifungu hiki sikipendi. Mwalimu wa Kijerumani anafundisha hata vijana wa uhandisi wanaochukua lugha kama somo la ziada. Wanajaza darasa, lakini kwenye hesabu hawamo kwa kuwa shahada yao ni nyingine.

Kuhusu pesa, tulia. Programu ikisimamishwa, waliomo huachiwa wamalize. Mlango hufungwa kwa wapya. Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote, mwanao aiandikie idara yenyewe, maana ofisi ya udahili kazi yake ni kukaribisha. Aulize: shahada hii inapokea wapya mwaka huu? Kama imeunganishwa, ni na ipi, na cheti kitaandikwa nini? Majibu yaje kwa maandishi.

Jimbo jirani la Ohio msilikimbilie kwa sababu hii. Nao wana sheria yao ya 2025, inayofuta shahada za kwanza zenye wastani wa chini ya wahitimu 5. Vyuo binafsi kama Notre Dame kifungu cha Indiana hakiwagusi, ila karo yao, baba wa wanne, uiulize ukiwa umekaa.