Mchwa, oili chafu na mbao za dawa

Fundi anasema nguzo za fensi zikipakwa oili chafu inatosha. Ni kweli? (Usa River)

Hapana. Oili haizami, inakaa juu juu, na jua likishapasua nguzo mchwa hupita kwenye ufa. Tena inachafua udongo wa bustani yako. Nguzo ya mkaratusi au paini inataka dawa iliyoingia ndani: kiwandani hufungiwa kwenye tangi, hewa ikanyonywa, kisha dawa ikasukumwa kwa presha.

Ng'oa nguzo moja iliyooza uitazame. Juu nzima, na chini kabisa mara nyingi nzima pia. Palipolika ni usawa wa ardhi, maana kuvu huhitaji maji na hewa kwa pamoja. Kwa hiyo ukimwaga zege, lipandishe juu ya udongo na uliteremshe pembeni, maji yatiririke. Mafundi wengi huacha kishimo kuzunguka nguzo, mvua za masika zinakaa humo humo.

Na kuichoma ncha kwa moto? (Himo)

Usijisumbue. Mchwa hawali mkaa, wanakula mti ulio chini ya mkaa.

Nimenunua mbao za kijani za kenchi. Nitajuaje kama dawa imeingia? (Sakina, Arusha)

Omba kipande kikatwe katikati, si mwishoni, kwa kuwa vichwani dawa huingia kirahisi. Kijani kikiwa utando tu kama rangi ya ukuta, mbao zilichovywa, na bei iwe ya kuchovya. Moyo wa mti kubaki bila kijani ni kawaida, haunywi dawa vizuri. Kila fundi anapokata, apake dawa ya brashi kwenye kichwa kipya.

Vipande visiende jikoni, wala kwenye jiko la nyama choma! Kama dawa ni CCA, ina shaba, kromiamu na arseniki, na arseniki hutoka na moshi, nyingine ikabaki kwenye majivu. Marekani iliiondoa kwenye mbao nyingi za majumbani mwisho wa 2003.

Kabati langu la mninga linadondosha unga laini. Mchwa? (Majengo, Moshi)

Mchwa huacha udongo. Huyo ni bungua, na nadhani fundi alikuchanganyia ile sehemu nyeupe ya nje ya mninga; ule moyo mwekundu hausumbuliwi hivyo. Kwangua vanishi kwa msasa, paka dawa ya boraksi mara mbili, iache ikauke, ndipo upake vanishi upya. Dawa hiyo ni ya ndani tu. Kabati likikaa barazani, mvua itaiosha.