Mvinyo mkongwe hautaki pilau

Ilikuwa Jumapili ya Novemba, hapa Bordeaux, mwaka 2018. Mzee mmoja niliyemsaidia kuhama nyumba alikuwa amenizawadia chupa ya Saint-Julien, mvinyo mwekundu wa huku Bordeaux, ya mwaka 1990. Nikaona si haki kuinywa peke yangu. Nikaita marafiki watano, nikawapikia chakula ninachokimudu kuliko vyote: pilau ya mbuzi, yenye bizari nzima, karafuu, mdalasini na iliki, na kachumbari ya ndimu na pilipili kali pembeni. Pilau ilitoka vizuri sana. Mvinyo ulikufa. Kila aliyeonja alisema anasikia ladha kama ya maji yaliyolala kwenye bomba la chuma. Iliniuma, maana chupa ile ilikaa gizani miaka 28 ikisubiri siku yake, nami nikaizima kwa matonge matatu.

Nimeshaandaa meza kama hizo mara nyingi tangu siku ile, na ninachotaka kuwaambia wenzangu mnaoishi huku Ufaransa, au mtakaoletewa chupa ya namna hiyo, ni kwamba mvinyo uliozeeka ni mgeni mwenye sauti ndogo. Ukiuweka karibu na kelele hutausikia.

Mvinyo mwekundu ukiwa mchanga una tanini nyingi. Ni ule ukakasi unaoujua ukitafuna bibo au ndizi mbichi, ulimi ukawa mkavu, mdomo ukajikunja. Tanini hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na nyingine kwenye mbao za pipa la mwaloni. Kadiri miaka inavyopita, hushikana zenyewe kwa zenyewe na kushikana na rangi, zikawa nzito, zikatua chini ya chupa kama mashapo. Ndiyo maana mvinyo mkongwe hupauka, ukawa na wekundu wa tofali, na ukapita kooni bila kukwaruza. Harufu ya matunda nayo hupungua, zikaja nyingine: tumbaku, ngozi, uyoga, majani ya msituni baada ya mvua. Sasa mwagia hapo karafuu na pilipili, uone kitakachobaki.

Kwa hiyo pikeni kitu cha kawaida. Mimi siku hizi nachukua bega la kondoo, natia chumvi na vitunguu saumu vizima visivyomenywa, naliacha kwenye oveni kwa moto mdogo kwa muda wa saa nne, halafu naliandaa na maharage meupe. Watu wa Médoc, eneo la mvinyo kaskazini mwa Bordeaux, wamekuwa wakila kondoo na mvinyo wao tangu zamani, na wana sababu: mafuta na protini za nyama humeza ule ukakasi kidogo uliobaki. Vuli ikifika naanza na uyoga wa cèpes uliokaangwa kwa siagi. Saladi yenye siki sileti kabisa. Jibini iwe ngumu, Comté kwa mfano. Zile laini zenye harufu kali na zile zenye ukungu wa bluu ziwekeni siku nyingine, japo Wafaransa wenyewe watawabishia.

Chupa yenyewe inataka utulivu. Isimamishe wima siku mbili kabla ya wageni, mashapo yashuke. Ukikurupuka kuitoa ilikolazwa na kuifungua papo hapo, utakunywa matope machungu. Kizibo cha miaka 25 huwa kimelainika kama mkate uliolowa, na kizibuo cha kawaida cha msokoto kinaweza kukimeng'enya. Nunua kile cha bapa mbili nyembamba za chuma. Unazipenyeza kati ya kizibo na shingo ya chupa, upande huu kidogo, upande ule kidogo, mpaka zizame zote, kisha unazungusha huku unavuta taratibu. Mara ya kwanza mikono ilinitetemeka.

Halafu washa tochi ya simu, iweke mezani ikitazama juu, na umiminie mvinyo kwenye jagi la kioo huku shingo ya chupa ikiwa juu ya mwanga. Mimina kwa mkono mmoja usiokatiza. Mwanzoni mvinyo unapita safi, mwekundu unaong'aa. Ghafla utaona uzi mwembamba mweusi, kama moshi, unapanda kutoka begani mwa chupa. Hapo hapo simama, hata kama imebaki nusu glasi. Ukiwa ni mvinyo wa Bourgogne wa zabibu za pinot noir, acha kabisa habari za jagi. Ni mwepesi, hewa nyingi huuchosha haraka. Umiminie kwenye glasi moja kwa moja, kwa upole.

Kuhusu baridi, sisi tuliozoea mvinyo mtamu kutoka kwenye friji tunapata shida hapa. Lenga nyuzi 16 hadi 18. Sebule yenye hita ni joto mno.

Watu wengi hukimbilia orodha ya mwaka 1855, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya Paris enzi za Napoléon III, ikayapanga mashamba ya Médoc kwa madaraja matano. Bei za wakubwa wa orodha ile zitakukausha mfuko. Mimi natafuta shamba lisilo na jina kubwa katika mwaka mzuri wa mavuno, kama 1996, 2000 au 2005. Au naondoka Bordeaux, natafuta mvinyo wa sehemu nyingine za Ufaransa: Cornas ya zabibu za syrah, Bandol ya mourvèdre, Madiran ya tannat ambayo ikiwa changa hainyweki lakini miaka 15 huilainisha. Kabla ya kutoa pesa, inua chupa uangalie kiwango. Mvinyo ukiwa umeshuka chini ya bega, rudisha chupa mahali pake.

Kwa watu sita, chupa tatu zinatosha, maana chupa ya mililita 750 inampa kila mmoja glasi ndogo. Kawaida mkongwe huwekwa mwisho. Mimi nauleta katikati, na nyama, watu wakiwa bado na njaa na ndimi zao hazijachoka. Na uwe na chupa ya akiba, kwa sababu ipo siku kizibo kitakuwa kibovu na utasikia harufu ya boksi la karatasi lililolowa. Hakuna dawa. Mezani kwetu yupo asiyekunywa, namtengenezea juisi ya ukwaju, naye huwa mhudumu wa jagi. Wengine wote wanakuja kwa tramu.

Msimu uliopita tulifungua Saint-Julien nyingine, ya 1996. Dakika kumi za mwanzo haikusema kitu, nikaanza kuogopa. Nikawaomba wasimalize, waache kidogo kwenye glasi. Tulipofika kwenye jibini, rafiki yetu wa Bujumbura akainua yake, akanusa, akanusa tena, akanyamaza. Kisha akasema, "Penseli. Penseli imechongwa sasa hivi, darasa la tatu, na mwalimu hajaingia."