Umechoka kuvua? Jaribu nzi bandia

Kama umevua miaka mingi kwa chubwi na chambo, na siku hizi ukikaa ukingoni unatazama simu kuliko mshipi, usiuze vifaa vyako kwanza. Mimi raha ya kuvua ilinirudia nilipohamia kwenye nzi bandia, kwa sababu uvuvi huu haukuachi ukae tu ukingoja. Unakulazimisha kuyasoma maji.

Anza kwa kuelewa uzito. Kwa kawaida chubwi ndiyo inayoupeleka mshipi mbali. Nzi bandia ni nyuzi na manyoya tu yaliyofungwa kwenye ndoana. Hapa mshipi wenyewe ndio mzito, nao ndio unaombeba. Kwa hiyo nguvu za bega hazina kazi. Rusha mshipi nyuma, tulia mpaka unyooke wote, ndipo uupeleke mbele. Huko kutulia ndiko kunakowashinda wengi. Ukiwahi, mshipi unalia kama mjeledi na nzi anakatika, au unakuangukia rundo miguuni. Geuza shingo uutazame unavyonyooka. Jizoeze nyasini, ukiwa umefunga kipande cha uzi wa sufu badala ya ndoana. Kwa trauti, samaki wa mito ya maji baridi, fimbo ya futi 9 na mshipi namba 5 (namba ni ya uzito wa mshipi) zinatosha kabisa kuanzia. Mengine yasikuumize kichwa.

Mtoni, usikimbilie kuingia majini. Trauti hukaa wakielekea mkondo unakotoka, wakingoja maji yawaletee chakula: nyuma ya jiwe, au pale maji ya kasi yanapopakana na maji ya polepole. Ukingoni, geuza jiwe dogo lililozama. Utakuta wadudu wachanga wameng'ang'ania upande wa chini, bapa, wenye miguu myembamba na mikia kama nyuzi. Trauti hupata sehemu kubwa ya chakula chake huko chini, si juu ya maji. Chagua nzi anayelingana nao kwa ukubwa kwanza, rangi baadaye, kisha urudishe jiwe lilivyokuwa. Kwangu furaha huanzia hapo, hata kabla sijarusha.

Kinachoharibu mambo zaidi ni mkondo kuuvuta mshipi, nzi akaanza kuburutwa kwa mwendo ambao mdudu wa kweli hana. Samaki hashawishiki. Mshipi ukishatua, uinue taratibu kwa ncha ya fimbo na uulaze upande mkondo unakotoka. Nzi ataelea huru kwa sekunde chache, na hizo ndizo sekunde za kukaza macho.

Kofia na miwani ni lazima, maana ndoana hupita karibu sana na uso.

Kama utamwachia samaki, bana mwiba wa ndoana, kile kijino kilicho nyuma ya ncha, kwa koleo mapema ulale. Lowesha mikono kabla ya kumshika, usije ukamtoa ute unaomkinga, na umnasue akiwa majini. Maji yakipata joto la nyuzi 20 hivi za Selsiasi, hewa ndani yake hupungua na trauti aliyepigana na mshipi anaweza kufa hata ukimwachia. Siku hiyo usiwavue.