Mashine ipime kwanza, simu itafuata

SWALI: Shikamoo mama. Sisi ni vijana wanne, tumetengeneza mashine ya kupima presha nyumbani inayotuma vipimo kwenye simu. Mashine inapima vizuri, shida ni siku ya kwanza. Wengi wanaofungua programu yetu hawafiki hata kwenye kipimo cha kwanza, na baadhi ya wanaofika hupima mara moja tu wakaacha. Tumeongeza video na kurasa za maelezo, lakini hali ni ileile. Hatua tunazompitisha mtumiaji nimekuambatishia. Tumekosea wapi?
– Fundi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hatua zako nimezihesabu. Ni 14 kabla mkanda haujajaa hewa hata mara moja: barua pepe, nenosiri, kurudi kwenye barua pepe kutafuta namba ya uthibitisho, tarehe ya kuzaliwa, uzito, urefu, masharti ya matumizi, na bado. Mtu katoka kwa daktari na wasiwasi wake, anataka kujua jambo moja tu, presha yake ni ngapi. Ninyi mnamuuliza urefu wake.

Mashine yenu ina skrini na kitufe chake. Basi mwacheni aitoe kwenye boksi, aweke betri, afunge mkanda, abonyeze, aone namba. Simu ikae pembeni. Kipimo hicho kihifadhiwe ndani ya mashine, ili siku atakapounganisha simu akikute kinamsubiri. Hapo atakuwa na sababu ya kujisajili, maana ana kitu chake cha kutunza.

Nilikuwa muuguzi kwa miaka 11 kabla ya kuingia kwenye kazi ya kubuni vifaa, na niliamini najua wagonjwa hukwama wapi. Kisha mama yangu akanunua mashine ya aina hii. Nilikaa pembeni yake, nikajizuia kumsaidia. Mkanda aliufunga mahali pake, juu kidogo ya kiwiko, ila aliufunga juu ya mkono wa sweta. Programu ikaomba ruhusa ya kujua mahali alipo. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Hawa wanataka kujua ninapokaa kwa ajili gani?" Akakataa. Tangu hapo programu ikawa inazungusha kiduara tu, ikiitafuta mashine iliyokuwa shibiri moja kutoka kwenye simu, wala haikumwambia kuwa ni kule kukataa kwake kulikoizuia. Akasema mashine ni mbovu, akairudisha kwenye boksi.

Hakukosea. Wewe fundi unajua kwamba kwenye Android, hadi toleo la 11, programu hudaiwa ruhusa ya mahali ili iweze kutafuta vifaa vya Bluetooth, na kwamba ruhusa ya peke yake ya vifaa vilivyo karibu ililetwa na toleo la 12 mwaka 2021. Yeye angelijuaje? Kabla swali la simu halijatokea, wekeni maneno haya: "Simu itakuuliza kuhusu mahali ulipo. Bila ruhusa hiyo haiwezi kuiona mashine. Mahali ulipo hatupahifadhi." Na iwe kweli kwamba hampahifadhi. Akikataa, mwambieni ni kitu gani hakitafanya kazi, na akibadili mawazo abonyeze wapi.

Kuhusu sweta, chapeni picha ya mkono mtupu kwenye mkanda wenyewe, pale pale mkono unapopita. Video yenu ataitazama nani akiwa na mkono mmoja umefungwa? Kabla ya kupima, mtu anatakiwa atulie dakika 5, mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kupishana, mkono umelala mezani usawa wa moyo, na asiongee. Mtashawishika kuzijaza dakika hizo kwa maswali ya usajili. Nakuomba sana, msifanye hivyo. Mtu anayehangaika na nenosiri hajatulia, na namba itakayotoka haitakuwa ya mtu aliyetulia.

Sasa wale wanaopima mara moja wakaacha. Sidhani kama walichoka. Nadhani wengi wao waliogopa. Mfikirie mtu yuko peke yake, mara skrini inawaka 168 kwa 102, kwa rangi nyekundu mliyomchagulia. Wodini namba kama hiyo mgonjwa aliisikia kutoka mdomoni mwangu, na mkono wangu ulikuwa begani kwake. Kwenu anaisoma mwenyewe. Anapima tena papo hapo moyo ukimdunda, inapanda. Anapima ya tatu. Kisha anaifungia kabatini asiione tena.

Lakini kipimo cha siku ya kwanza hakibebi uzito huo. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, kwa mtu anayepimwa nyumbani ili ijulikane kama ana presha ya juu, unataka apime asubuhi na jioni, kila mara vipimo viwili vilivyoachana angalau dakika moja, kwa siku zisizopungua 4, ikiwezekana 7. Vipimo vya siku ya kwanza vinatupwa, wastani unachukuliwa kwa vilivyobaki. Mwambieni hivyo chini ya namba yenyewe: "Hiki ni kipimo cha kwanza. Daktari ataangalia wastani wa siku zijazo. Tukutane jioni." Iondoeni ile nyekundu.

Mpaka wake ni huu: ikifika 180 kwa 120 au zaidi, apumzike kidogo apime tena. Ikibaki huko, awasiliane na daktari siku hiyohiyo. Ikiwa pamoja na namba hiyo kuna maumivu ya kifua, kukosa pumzi, upande mmoja wa mwili kulegea, kuona ukungu au ulimi kuwa mzito, asingoje kupima tena, aende hospitali sasa hivi. Maneno ya skrini hiyo yaandikeni pamoja na daktari, msiyatunge wenyewe usiku kabla ya kutoa toleo.

Kabla ya kuandika hata mstari mmoja mpya wa programu, tafuteni watu 5 wasioijua mashine yenu, na wazee wawemo. Mmoja mmoja, apewe boksi likiwa limefungwa. Mikono yenu muiweke chini ya mapaja, midomo mfunge. Hesabuni dakika tangu boksi lifunguliwe hadi namba ya kwanza ionekane, zile 5 za kutulia zikiwemo. Zikizidi 10, punguzeni hatua, mjaribu tena, kisha niandikie.