Je, uvimbe wa taya unaambukiza?

SWALI: Salaam Daktari. Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka sita, alivimba taya, meno yakaanza kulegea. Hospitalini tukaambiwa ni saratani ya Burkitt, na kwamba ina uhusiano na kirusi. Sasa majirani wamewakataza watoto wao kucheza naye, na hata nyumbani kikombe chake kimetengwa. Kama kirusi kinaambukiza, saratani yenyewe itakosaje kuambukiza? – Mjomba, Arua

JIBU: Pole sana, mjomba. Hicho kikombe kirudisheni leo. Mtoto wenu hawezi kumwambukiza mtu saratani. Kirusi chenyewe, Epstein-Barr, hupita kwenye mate, na hapa kwetu watoto wengi hukipata wakiwa bado wachanga. Hao wanaokatazwa kucheza naye karibu wote wanacho tayari, na wazazi wao pia.

Lakini umeuliza jambo zito. Robert Koch, mtafiti Mjerumani wa vijidudu aliyefika visiwa vya Ssese, Uganda, mwaka 1906 kuchunguza malale, alitaka kijidudu kinachoshtakiwa kuleta ugonjwa kionekane kwa kila mgonjwa na kisionekane kwa wazima. Yeye mwenyewe alilegeza sharti hilo baada ya kukuta vijidudu vya kipindupindu kwa watu wasioumwa. Kwa sharti lile la kwanza, Epstein-Barr kisingetiwa hatiani kamwe, kwa kuwa wazima wengi wanacho.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe huu mwaka 1958. Baadaye aligundua kwamba unafuata maeneo ya joto na mvua, yaani kule kule kwenye malaria nyingi. Mwaka 1964 kirusi kikaonekana ndani ya chembe za uvimbe. Leo tunajua yanakutana mambo matatu: kirusi, malaria inayorudi rudi na kuchosha kinga, kisha chembe moja ya damu inayoharibika vinasaba na kujizalisha ovyo. Kirusi huhama kwa mate, malaria huletwa na mbu, lakini hiyo chembe iliyoharibika haitoki mwilini mwa mtoto kwenda kwa mwingine. Kwa hiyo mimi siuweki ugonjwa mzima katika kundi moja. Nauliza kila sababu kivyake: wewe unahama, au huhami?

Wapo wanaosema kupanga magonjwa katika makundi ni kazi ya vitabuni. Siafiki hata kidogo. Kule Kamwenge, magharibi mwa Uganda, watu walivimba miguu, ikadhaniwa ni matende, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na mbu. Uchunguzi wa mwaka 2015 ulionyesha ni udongo wenye asili ya volkano, unaoumiza miguu ya wanaolima pekupeku kwa miaka mingi. Mguu ni ule ule kwa macho, lakini dawa ya minyoo isingewasaidia kitu. Walihitaji viatu na maji ya kunawa. Na ninyi pia, kosa la kupanga limemnyima mtoto wenzake wa kucheza nao.

Msichelewe matibabu. Taasisi ya Saratani pale Mulago ilianza mwaka 1967 kwa ajili ya uvimbe huu huu, na watoto wengi wanaowahi na kumaliza dozi zote hupona. Alale ndani ya chandarua. Tena, dawa za saratani hushusha kinga, kwa hiyo waambieni majirani kwamba wa kulindwa ni yeye: mwenye surua, tetekuwanga au kikohozi asimkaribie mpaka apone.